Betri za Jirani

Jirani yangu wa hapa Kasulu ana vidole vilivyobabuka kwa maji ya betri, na shati lake lina matundu kifuani. Betri ya ndani ya UPS ilipochoka, alitoboa kasha, akapitisha nyaya nene na kuziunga kwenye betri za lori, kusudi umeme ukikatika kompyuta isizime. Kila asubuhi hufungua dirisha mvuke utoke, huzigusa betri kwa kiganja kama anayepima homa ya mtoto, kisha huiamkia kompyuta kwa Kiha, "Mwakeye," ndipo anisalimie mimi. Kwenye kioo upo mchezo wa karata ambao mkewe, rafiki yangu, aliuacha katikati, siku aliyopelekwa hospitali asirudi. Kipanya amekifunika kwa kitambaa, na hakuna anayekigusa.

Leo mchana umeme ulikatika, UPS ikaanza kulia. "Shemeji," nikamwambia, "iache kompyuta nayo ipumzike." Akaendelea kukaza nati taratibu, bila kuniangalia.

"Mwenzio hajamaliza kucheza."

Nikatazama kioo. Karata moja, ree la kopa, ambayo tangu msiba ilikuwa chini, ilikuwa imechezwa na kupanda juu. Kitambaa kilikuwa palepale juu ya kipanya, kimejaa vumbi.