Mume Wangu Alivyomuua Mjapani

Mama yangu alitua Minneapolis mwezi wa Januari, jambo ambalo mtu mwenye akili zake halifanyi kwa hiari. Tulimwonya. Akasema baridi ni baridi tu, hata Voi mwezi wa saba yeye huvaa sweta. Asubuhi yake ya kwanza alichungulia dirishani, akamwona jirani akikwangua barafu kwenye kioo cha gari kama anayekwangua ukoko wa ugali, akarudi kitandani akajifunika mablanketi yote.

Hakuja kuona theluji lakini. Alikuja kumwona mjukuu wake, binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na ambaye hawakuwa wamewahi kuonana ila kwenye simu. Hapo ndipo tulipokwama. Binti yangu alielewa Kiswahili chote, mpaka umbea ninaousema kwa sauti ya chini, ila alijibu kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Mama kilikuwa cha kuomba maji na kushukuru. Nyanya aliuliza, mjukuu akajibu kwa heshima zote, na Nyanya akabaki anatabasamu tu, hana la kushika.

Nilimgombeza mtoto, nikambembeleza, nikamnyang'anya simu. Haikusaidia. Siku moja, nikimkanda mgongo, Mama akasema nimwombe mume wangu awapigie watu wa tiketi ili arudi nyumbani mapema, asingoje Juni.

"Mtoto hanitaki," alisema. "Na mimi sitaki kumlazimisha."

Iliniuma sana. Nilikuwa nimemngoja mama yangu miaka mingi, nikidhani kazi ngumu ingekuwa viza. Mume wangu akasema atapiga simu Jumatatu. Kwa bahati nzuri, Jumatatu za mume wangu huwa hazifiki upesi.

Mume wangu naye nimweleze. Kwao ni magharibi mwa Kenya, na huko mtu na mama mkwe wake hawaketi kochi moja, hawapeani mikono, wala hawaangaliani usoni. Nyumba yetu ya kupanga pale Inver Grove Heights haikujengwa na mtu anayejua mambo hayo. Sebule ni moja na kochi ni moja. Kwa hiyo Mama akiwa sebuleni, mume wangu alisimama mlangoni mwa jikoni, nusu ndani nusu nje, na walipokuwa na la kuambiana walipitia kwetu. Mama alisema, "Mwambie babako chai iko tayari," na binti yangu akamwambia baba yake kwa Kiingereza, ingawa chai yenyewe alikuwa anaiona.

Sasa, majira yale binti yangu alikuwa amezama kwenye tamthilia moja ya Kijapani, iliyotokana na vile vitabu vyao vya michoro vinavyoitwa manga. Ilikuwa ya upelelezi, lakini sijawahi kuona upelelezi usio na haraka kama ule. Sehemu nzima ingeweza kuisha mtu akimenya figili. Mji mdogo wa milimani. Mpiga pasi aliyekuwa polisi zamani. Na mama mzee ambaye mwanawe alitoweka. Kila jioni mama yule anapakua wali kwenye bakuli la mwanawe, anaufunika, anakaa. Mpiga pasi anawauliza wateja swali mojamoja huku mvuke ukipanda. Mimi nilisinzia kabla hajamaliza shati la kwanza.

Mama hakusinzia. Alipoona lile bakuli likifunikwa alisogea mbele ya kochi, akauliza yule mama anamngoja nani. Mjukuu akajibu kwa Kiingereza. Mama akaguna. Ndipo mume wangu alipoona nafasi yake.

Alikulia kwenye vibanda vya video, vile ambavyo filamu ya Kichina inaonyeshwa na jamaa mmoja ameshika kipaza sauti, anaitafsiri kwa Kiswahili huku akiongeza chumvi, na watu wanalipa kumsikiliza yeye kuliko filamu. Mume wangu alitamani kazi ile kuliko udaktari. Basi akaanza, palepale mlangoni, macho kwenye skrini, asimwangalie mkwewe hata kidogo. Alimpa kila mtu sauti yake. Na kwa kuwa hadithi ilikuwa ya polepole mno kwa roho yake, aliichapua. Muuza samaki akigeuza shingo tu, mume wangu anasema, "Huyu ndiye ndugu yake. Amemmaliza kwa sababu ya shamba. Tazama jicho hilo."

Maandishi ya Kiingereza chini ya skrini yalikuwa yanasema samaki wamepanda bei. Binti yangu alizungusha macho, akafura. Mama alipiga ulimi kwa huzuni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aje kuwaona watatu hao wakitazama kitu kimoja, basi nikanyamaza.

Ningejua, nisingenyamaza. Jumapili iliyofuata tulikwenda Bloomington kwenye ushirika wa akina mama wa Kenya, na wakati wa maombi Mama akasimama. Akaomba tumkumbuke mama mmoja aliyeuliwa mwanawe na ndugu wa tumbo moja, wakigombania shamba, na hata mwili haujapatikana. Nasikia alisema kwa uchungu hasa. Sijui kama alisahau kutaja kwamba ni tamthilia au aliona si lazima. Nilipomuuliza baadaye alisema mama wa namna hiyo hakosekani duniani na maombi yatamfikia. Wakati ule nilikuwa nje nahangaika na gari lililogoma kuwaka, nami niliporudi nilikuta watu wananishika mabega.

Kuanzia kesho yake simu yangu haikupoa. Mmoja aliuliza kama kamati ya mazishi imeshaundwa. Mwingine alijitolea kuwa mweka hazina. Mama mmoja wa Kikongo, wa kutoka Roseville, aliyesikia habari kwa jirani, alipita kwenye theluji yote ile na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, akanikumbatia mlangoni akisema, "Pole, mama. Kuraji," yaani nijipe moyo. Nilimweleza ukweli kwa aibu. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akasema sombe hairudi ilikotoka. Tulikula.

Jioni ile nilimvaa mume wangu, na binti yangu akanisaidia, kwa Kiingereza, kwamba hakuna mtu aliyeuawa, kwamba ameazima vitabu vyote maktaba na kuvisoma mpaka mwisho, na baba ameharibu kila kitu. Nikamjibu kwamba asiniambie mimi, amwambie Nyanya.

Jumamosi mchana ilikuwa sehemu ya mwisho. Mama alikuwa kwenye kochi anamsuka mjukuu, mtoto ameketi sakafuni katikati ya magoti yake, kichwa kimeshikwa barabara. Mimi nilisukuma chapati. Mume wangu alikuwa mlangoni pake, amepigwa marufuku. Kwenye skrini mpiga pasi akavaa koti na kuvuka daraja.

"Anakwenda kumkamata yule ndugu?" Mama akauliza.

Mume wangu akafungua mdomo. Nikamwonyesha kifimbo cha chapati. Nikataka kujibu mwenyewe, nikajizuia.

"Hakufa," binti yangu akasema. "Baba alidanganya. Huyo mtu iko hai. Iko hapo tu, ng'ambo ya mto. Anaona taa ya mamake kila siku."

"Anaiona, na haendi?"

"Anaogopa. Alienda kutafuta kazi, ikamshinda. Watamcheka."

"Mama hawezi kumcheka mtoto wake."

"Wewe ulinicheka."

Mikono ya Mama ikasimama. Mimi nilihitaji muda kukumbuka. Jumapili ya kwanza kanisani walimpa mtoto kipaza sauti amkaribishe nyanya yake, akasema Kiswahili alichokuwa amekifanyia mazoezi wiki nzima, na ukumbi wote ukaangua kicheko, Mama akiongoza. Tulicheka kwa furaha. Hakuna aliyemuuliza yeye alisikia nini.

Mama ni wa kizazi kisichomwomba mtoto radhi. Alishika mkia mmoja wa nywele, akauachia.

"Nilikosea, mjukuu wangu," alisema. "Sitakucheka tena. Sema hata vibaya, ila sema na mimi."

Nililia juu ya chapati, na chapati ikaungua, wala sikujali. Binti yangu aliegemeza kichwa kwenye goti la nyanya yake. Kwenye skrini mtu fulani alikuwa anavua viatu mlangoni, sikumwona usoni.

"Mwambie babako," Mama akasema, "ile tiketi aiache kama ilivyo."

Mume wangu alikuwa hatua chache tu kutoka pale, na alikuwa amesikia kila neno. Alisimama, akitazama friji, akangoja aambiwe.

"Baba," binti yangu akasema, "Nyanya anasema tiketi uache. Anakaa."