Kuku na Kicheche Jamvini kwa Mjomba

Juzi nilifika kijijini Kurui baada ya miaka kumi, ndugu yangu, nikakuta nyuma ya nyumba ya mjomba pamepandwa mihogo. Hapo ndipo mjomba alipokuwa akitandika jamvi kuukuu na kutufunza mieleka ya chini, aliyojifunza kwa askari wenzake vitani Burma.

Nasema kutufunza, lakini hakutuonyesha mkao hata mmoja. Alituchezesha tu. Jioni, bibi akitwanga mpunga pembeni, mmoja wetu alikuwa kuku, mwingine kicheche. Kuku atoke jamvini, kicheche amzuie. "Njia tafuteni wenyewe," mjomba alisema. Sheria ilikuwa moja: mwenzio akipiga kofi jamvini, mwachie papo hapo.

Mchezo ule ulinikera. Nilitaka kujua lililo sahihi, na niliogopa kushindwa mbele za watu. Basi nikajifunza peke yangu ghalani, juu ya gunia la makopa ya muhogo. Nilibuni kabali ya hatua saba, nikairudia kila siku baada ya kuteka maji hadi haikuwa na kosa. Idi ilikuwa karibu, na mjomba angechagua mmoja wetu akapambane na watoto wa kijiji cha pili. Nilitaka niwe mimi, mpaka chakula hakinipiti.

Siku ya kuchaguliwa nilipangiwa binamu yangu, mtoto wa mjomba, niliyemzidi mwaka mmoja.

"Leo Bwana Gunia katoka ghalani!" akanitania. Watoto wakacheka.

Nikamkamata. Moja, mbili, tatu, kama nilivyozoea. Kwenye hatua ya tano akapiga kofi jamvini. Nilisikia, ndugu yangu. Leo nakiri, nilisikia. Lakini zilikuwa zimebaki mbili, nami sikuwahi kuishia tano.

Mjomba alinivuta kwa nguvu. Binamu alikuwa amelegea, macho meupe. Mchi wa bibi ukanyamaza. Sijui muda gani ulipita kabla hajakohoa. Mimi nilikaa nimeganda, mikono ingali imejikunja kana kwamba shingo imo.

"Umemfanya nini mwenzio?" bibi alipiga kelele.

Mjomba hakunipiga. Alisema polepole, "Alikwambia basi, mjomba. Ulikuwa unacheza na nani?"



Kesho yake binamu alilala jamvini kama kawaida. "Njoo kaka, leo mimi kuku." Sauti ilikuwa bado inakwaruza. Nikasema tumbo linaniuma. Keshokutwa yake nikasema vilevile, mpaka wakaacha kuniita. Siku ya Idi alikwenda yeye kupambana. Akaangushwa, akarudi anacheka, mdomo umejaa halua.

Mjomba ni marehemu sasa, na jamvi lililiwa na mchwa. Niliwauliza watoto wa pale kama wanaujua mchezo wa kuku na kicheche. Hawaujui. Nikawaambia kuku huanza kwa kulala chini.

"Tuonyeshe basi, kaka," mmoja akasema, akajilaza mavumbini kunisubiri.

Yaliyobaki niliwaeleza kwa mdomo tu, nimesimama mbali.