Gari ya Baba na Mlima wa Dranya

Aibu hii Koboko nzima inaijua, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kuliko mkaisikie kwa shangazi zangu, maana wao kila wakisimulia wanaongeza chumvi, na safari ya mwisho niliyowasikia walifika mpaka pale ninapolia (sikulia jamani, ulikuwa moshi).

Baba alituachia gari, Pijo ya zamani, umri wake unanizidi mimi, gia nne tu basi. Kabla hajafariki alimwambia dada yangu Zamzam mbele yetu sote, "Wewe utatoka hapa Arua ndani ya gari hii, na utashuka mlangoni kwa mume wako." Baba akaondoka kabla mume hajapatikana, na kaka mkubwa ni mimi, na dereva ni mimi, kwa hiyo maneno yale yakabaki shingoni mwangu.

Sasa mimi nauza mikeka na vitambaa, kila wiki niko njia ya Koboko, na wenye magari ya kale mtanielewa: ukishika lami nzuri ukafika themanini, injini ya gia nne inapiga kelele kama mashine ya kusaga mihogo, ndani mnaongea kwa mikono, na mshale wa petroli unashuka huku unautazama. Nikachoka. Wiki ya harusi ya Zamzam, wakati wenzangu wanakimbizana na mambo ya nyama na mahema, mimi nikaona ndiyo siku nzuri ya kwenda kwa fundi Adriko kule Manibe (akili za mtu mzima hizo). Fundi akaniambia dawa iko kwenye difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, na kwamba anayo nyingine, ya gari iliyokuwa inakimbia safari ndefu, ambayo mwendo utakuwa uleule lakini injini itazunguka mara chache.

Alipomaliza kuifunga akajifuta mikono, akaniambia, "Swale, sikia. Kitu hii iko mzuri kwa lami. Lakini ukipata mzigo na mlima, gia ya kwanza itakuwa sawa na ya pili, itataka kukimbia, nguvu ya kupanda hakuna. Jaribu kwanza na watu ndani."

"Nimesikia, fundi," nikamjibu. Na kusikia nilisikia kweli, kufanya ndiko sikufanya. Nilijaribu peke yangu, buti ya nyuma tupu, kwenye lami iliyonyooka, na jamani, ile gari ilinyamaza mpaka nikasikia saa ya mkononi. Nikarudi nyumbani sishikiki. Nilimrekodia shemeji mtarajiwa sauti ya injini kwenye simu, nikamwambia, "Sikiliza hiyo, hiyo ni themanini," na yeye kwa heshima akasikiliza mpaka mwisho.

Siku yenyewe tukatoka Arua vizuri, Zamzam nyuma katikati ya shangazi wawili, shangazi Halima mbele pembeni yangu na sanduku mapajani, na wa nne, shangazi Mastula, kabanwa na mlango kule nyuma, halafu buti imejaa masufuria mpaka haifungiki, tumeifunga kwa kamba. Kwenye lami nilikuwa mfalme. Nikamwambia shangazi Halima, "Unasikia injini?" Akasema hasikii kitu. Nikasema ndiyo maana yake.

Kwa bwana harusi ni Koboko, upande wa Dranya, unaacha lami unapanda kilima cha murram, udongo mwekundu mtupu, mpaka nyumbani kwao, na sisi Wanubi mnatujua, gari ya bibi harusi haipandi hivihivi. Wanawake wa upande wa mume wanaipokea chini, na ngoma, na gurbaba zao, vitambaa vya rangi zote, viunoni, wanatangulia mbele ya gari wakicheza polepole mpaka mlangoni, na huwezi kuwapita. Hatua moja mbele, nusu hatua nyuma.

Hapo ndipo maneno ya fundi yakanirudia yote, moja moja. Gia ya kwanza ilitaka kukimbia, wanawake wanataka kucheza, nikiachia klachi gari inaruka kuwafuata miguuni, nikiikanyaga inataka kurudi chini, kwa hiyo nikabaki na klachi nusu, mguu unatetemeka, jasho linaingia kwenye kola.

"Nani kaacha chungu motoni?" shangazi Halima akauliza, ananusa.

"Ni kwa majirani," nikasema.

Nikaona nipige honi kidogo waongeze mwendo. (Nani alinituma?) Honi kwenye harusi kwetu ni furaha, mwenye gari anashangilia, basi waliposikia wakageuka kuniangalia, wakapiga vigelegele, wakasimama palepale kunichezea mimi. Nikapiga tena. Wakanogewa zaidi.

Moshi ukapanda kutoka chini ya miguu yangu, klachi ikafa, gari ikaanza kurudi nyuma. Bodaboda waliotufuata wakatawanyika kila mtu kivyake, nikavuta breki ya mkono kwa mikono miwili, ikakubali, lakini kamba ya buti ikakatika, na sufuria kubwa kuliko zote ikashuka kilima chote peke yake, inalia njia nzima, mpaka kwenye lami. Hata ngoma zilinyamaza kuitazama.

Mjomba wa bwana harusi akaja na gari lake jipya, mtu mstaarabu sana, akainama dirishani. "Si neno, mwanangu. Bibi harusi ahamie kwangu, tumalizie."

Nilimwona baba wazi kabisa, na nikajua nimeharibu kitu kimoja tu alichoniachia kukifanya, na nimekiharibu kwa sababu ya kelele za injini.

Zamzam alikuwa hajasema neno tangu Arua, bibi harusi haongei. Sauti ikatoka chini ya shela. "Mimi sishuki. Baba alisema mlangoni."

Halafu shangazi Halima akaniwekea sanduku mapajani, akafungua mlango, akakaza gurbaba yake. "Swale, wewe shika usukani tu. Hiyo unaweza?"

Wakashuka shangazi wote wanne. Baadhi ya wanawake wa upande wa mume wakaacha kucheza wakaja nyuma kusukuma nao, na waliobaki mbele wakaendelea na ngoma, na nikwambie, mwendo ulikuwa uleule kabisa unaotakiwa. Zamzam alishuka mlangoni. Nilimfungulia mimi, akanishika mkono, akanibana kwa nguvu.

Mjomba akanipa maji ya kunywa. "Shemeji yako alituambia umepunguza mizunguko ya injini," akasema. "Hatukujua kama umeimaliza yote."

Siku hizi difu ya baba imerudi mahali pake, na fundi Adriko amenipatia giaboksi ya gia tano: gia nne za kupanda, ya tano ya kunyamaza kwenye lami, na petroli kweli imepungua. Juzi Zamzam amepiga simu, ana mimba, anataka kuja kujifungulia kwetu, na anataka aje na gari ya baba. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kile kilima nimeshakipanda mara tatu kwa mwendo wa ngoma, na nyuma nimepakia magunia manne ya mihogo, gunia moja kwa kila shangazi (hilo msiwaambie).