Cheni Niliyoikaza Asubuhi ya Baridi

Baba alipozeeka, pikipiki yake ya Kiingereza aliniachia mimi, si kaka zangu wawili. Wao wakasema mwanamke ataiua kabla mahindi hayajakomaa. Niliapa moyoni kwamba haitafia mikononi mwangu.

Bodaboda za siku hizi injini huzungusha klachi kwa gia, wala hakuna cha kukaza. Ya baba ina cheni fupi ya kufanya kazi hiyo, imefichwa kwenye oili ndani ya kava la kushoto. Chini ya cheni kuna kipande cha chuma kilichopinda, na skrubu moja ya kukisukuma juu cheni ikilegea. Zipo pikipiki ambazo springi husukuma yenyewe. Yetu inamtegemea mwenye bisbisi, na mwenye bisbisi nilikuwa mimi.

Asubuhi moja ya Julai, Njombe ikiwa na sakitu, umande ulioganda, hadi kwenye kiti cha pikipiki, nilisikia cheni ikigonga. Nikaikaza palepale, injini ya baridi, mpaka ikanyooka kabisa. Nikajiona fundi. Kabla sijafika Makambako ikaanza kulia kwa sauti nyembamba. Akilini niliwaona kaka zangu wakicheka.

Nikaiendesha polepole hadi stendi ya Makambako. Fundi wa pale, mzee mpole, hakuuliza nani amekaza. Alifungua kifuniko, akaizungusha injini polepole kwa kiki, kidole juu ya cheni, akitafuta mahali inapobana zaidi. Akanieleza kwamba injini ikipata moto inatanuka na kuivuta cheni. Iliyokazwa kwa baridi inakosa nafasi, na isipokatika, inakula beringi. Akalegeza skrubu kidogo kidogo mpaka cheni ikacheza upana wa kidole.

"Washa, dada."

Nikawasha. Mlio ulikuwa umekwisha, na beringi zilikuwa nzima. Nilishusha pumzi mpaka fundi akacheka. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo nikampigia baba huko Mdandu, nikamwambia yote.



"Hiyo cheni ni ya pili, mama," akasema. "Ya kwanza niliikata mimi, njia ya Matembwe, kwa kosa hilohilo."

Nilifurahi hadi machozi yakanitoka. Kisha akashusha sauti, akaniomba nisiwaambie kaka zangu.