Mzee Okwakol na Hesabu ya Watu Tisini na Sita

Mzee Okwakol alishona maturubai ya malori pale Malaba mpaka macho yakachoka. Mwili wake ni mdogo lakini sauti ni kubwa, na hiyo sauti nyumbani kwake haina kazi, kwa sababu mke wake Adeke ndiye huongea. Adeke akianza habari ya kuku asubuhi, jioni bado yuko kwa kuku. Ndiyo maana kila mchana mzee anakatiza shamba la mihogo anakuja kwa Mama Quinton.

Mama Quinton, ambaye jina lake ni Amuge, anauza ajon, ile pombe ya wimbi inayonywewa moto. Chungu kinakaa katikati, watu wanakizunguka, kila mtu anavuta kwa mrija mrefu, na pombe ikishuka Mama Quinton anaongeza maji ya moto kwa birika. Mirija ya pale ni minane. Sheria ni ya tangu zamani: mwenye mrija ndiye mwenye neno. Asiye na mrija ni mgeni. Anaweza kusalimia, anaweza kucheka wenzake wakicheka, lakini kuchangia, hapana. Tena mtu hanyang'anywi mrija mdomoni. Ukiuacha mwenyewe, hapo ndipo mwingine anauchukua.

Shida ni kwamba Mzee Okwakol hanywi. Ana vidonda vya tumbo, na daktari alimkataza hata tone. Kwa hivyo anauweka mrija mdomoni, havuti, anausukuma kwa shavu moja na kuongea kwa shavu lile lingine. Hadithi yake ni ya turubai fulani lililopeperuka na upepo likavuka mpaka wa nchi hadi Tororo bila karatasi yoyote, na ile safari yake ya kulifuata.

"Mzee, umeweka mrija kama mtu anapimwa homa," Emojong alimwambia siku moja. Emojong anachoma matofali, na siku hiyo alikuwa amesimama nyuma anangoja nafasi.

"Ngoja nimalize."

"Ulianza kumaliza Jumanne."

Sasa Quinton akarudi kutoka chuo kikuu. Alikuwa ameanguka mtihani wa vimeng'enya na angerudia Septemba. Mimi shule niliiacha mapema, kwa hivyo nitaandika vile nilivyoelewa. Kimeng'enya ni kitu kidogo sana mwilini. Kinashika chakula, kinakikata, kinakiachilia, kinashika kingine. Halafu kuna kizuizi, ambacho kinakuja kukaa palepale chakula kinapotakiwa kukaa, na hakifanyi kitu. Kimekaa tu. Swali la mtihani lilikuwa hivi: kazi inaenda mwendo huu, kizuizi kipo, je, chakula kinatakiwa kiwe kingi kiasi gani? Quinton alisoma hilo swali chini ya paa la jikoni siku nyingi, akilisukuma kama ng'ombe aliyegoma.

Siku moja akainua macho kwenye kitabu, akamwona Mzee Okwakol na mrija kwa shavu. Akasimama hivi polepole.

"Mama," akasema. "Mzee ni kizuizi."

"Hilo nakuambia kila siku," Mama Quinton akajibu. "Chungu kinapoa, watu wanaondoka na kiu yao, yeye yuko Tororo anafukuza turubai."

Kuanzia hapo Quinton akawa anapima. Aliangalia birika linaisha haraka namna gani siku mzee yupo, na siku mzee ameenda kliniki. Akaandika kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni, mamake akafuta, akaandika tena. Mwishowe akaita watu wote, mzee pia.

"Chungu hiki kina mwendo wake wa juu," alisema. "Mkiwa sita wenye kiu, na mzee hayupo, chungu kinaenda nusu ya huo mwendo. Mzee akikaa, nusu hiyohiyo haipatikani mpaka muwe kumi na wawili. Mmenielewa?"

"Hapana," Emojong akasema.

"Mzee akiwepo, wenye kiu lazima wawe mara mbili. Nyinyi kawaida ni kumi na wawili. Ili birika liishe kama vile hayupo, inabidi muwe ishirini na wanne."

Watu walimgeukia Mzee Okwakol. Yeye alinyoosha mgongo.

"Yaani mimi peke yangu nimelingana na watu kumi na wawili?"

"Kwa kuharibu, ndiyo."

"Kijana amesema kumi na wawili," mzee akarudia, akiangalia kila mtu usoni.

Mama Quinton alitaka mambo yaishe. Akamwambia mzee mbele ya wote: "Mpaka Jumamosi. Lete watu kumi na wawili wengine, ukae. Usipoleta, mrija wangu unauacha, unakaa kule kwa wageni."

Sote tukaona mzee ameshtuka. Kukaa kwa wageni ni kukaa kimya. Halafu jioni arudi kwa kuku wa Adeke.

Aliondoka asubuhi yake kutafuta watu. Lakini mtu hutafuta anapojulikana, na siku hizi mzee anajulikana kliniki tu, kwenye benchi la wagonjwa wa tumbo. Alhamisi akatokea na wanaume sita nyuma yake, wamevaa vizuri, mmoja na kofia ya sherehe.

"Yoga!" wakasalimia. Wakakaa, wakachukua mirija, wakaiweka mdomoni na kufunga macho. Mmoja akasema hajashika mrija tangu mjukuu wake azaliwe, na sasa huyo mjukuu ni askari. Birika likakaa. Maji yakapoa. Hakuna aliyevuta.

"Hawa nao vipi?" Mama Quinton aliuliza.

"Wana vidonda," mzee akasema kwa upole. "Lakini wanapenda kukaa."

Mirija saba ilikuwa imeshikwa na wa kuvuta ulikuwa mmoja, nao wale kumi na wawili wanaupokezana kama maiki ya harusi. Emojong akaanza kupiga kelele. Quinton yeye alikuwa na furaha kama mtu ambaye ng'ombe wake amezaa pacha, ameshakimbilia ukuta.

"Kizuizi kimoja, mara mbili. Vizuizi saba, mara nane. Kumi na wawili mara nane..." Makaa yakavunjika. "Tisini na sita! Mama, wanatakiwa watu tisini na sita wenye kiu."

"Katika boma hili?"

"Hesabu haiangalii boma."

Mama Quinton aliinua birika, na nadhani angemwagia mtu, kama Mzee Okwakol hangesimama.

"Tisini na sita," alisema. "Ulinipa mpaka Jumamosi, mama. Leo ni Alhamisi."

Wiki hiyo foleni ya malori ilikuwa imerudi nyuma mpaka ikapita njia yetu ya kuingilia. Mzee akatembea foleni yote, anagonga milango ya malori kwa fimbo, anaangalia turubai limeshonwaje, kama ni mkono wake anasema. Madereva aliwaacha walinde mali. Aliita matingo wao, vijana waliokaa juu ya mizigo siku nzima wanatafuna vumbi.

Jumamosi walikuja. Walijaa uani, wakajaa mihogoni. Kulikuwa na wa Mombasa, wa Kampala, wawili wa Kigali waliokuwa hawaelewi wameitiwa nini. Quinton alihesabu akafika tisini na sita, akasema wengine wangoje nje wasiharibu jibu. Na kweli, ule mrija mmoja haukupumzika, birika likaanza kuisha kama zamani. Mama Quinton aliongeza moto. Wale wazee sita wa vidonda walikaa na mirija yao, na Mzee Okwakol katikati anasimulia, turubai limefika juu ya mto, watu wamekodoa macho.

Halafu akabanwa na mkojo.

Alijizuia kwanza. Tulimwona anakunja miguu. Mwishowe akauweka mrija ukingoni mwa chungu, akakimbia. Aliporudi, mrija ulikuwa mdomoni mwa tingo mmoja wa Kampala.

"Huo ni wangu," mzee akasema.

"Ssebo, mzee wangu, uliuacha."

"Nilienda haja."

"Nami nilikuwa nimesimama hapa," yule kijana akasema kwa heshima, akavuta.

"Ndivyo inavyofanya kazi!" Quinton akapiga kelele. "Kizuizi hakifukuzwi! Kinatoka chenyewe, na wenye kiu wakiwa wengi hakipati pa kurudi!"

Mzee alizunguka chungu. Kila mwenye vidonda aliyesimama kidogo, mrija wake ulipata mdomo mwingine, mpaka wote saba wakawa wamesimama. Mzee akafungua kinywa aendelee pale turubai lilipofika juu ya mto. Emojong, aliyekuwa na mrija, akamwangalia.

"Mgeni," alimwambia. "Karibu. Lakini tunaongea."

Mzee Okwakol akachukua fimbo yake akatoka, na wale sita wakamfuata, yule wa kofia nyuma kabisa.

Malori yalisonga Jumatatu, matingo wakaenda nayo. Tukabaki kumi na wawili, chungu kinaenda haraka, saa kumi tumemaliza, tunaangaliana. Ijumaa akaingia Opio, mwanamume anayeuza ajon kule njia ya Amukura. Alivua kofia akamuulizia Quinton.

"Kijana, nasikia una hesabu. Mimi wanywaji wangu ni watatu. Na nimepata hawa wazee saba."

"Mara nane," Quinton akasema bila kuangalia ukuta. "Ishirini na wanne."

"Au uwafukuze tu," Emojong akasema.

"Kufukuza siwezi, bana. Nimekuwa naota hilo turubai usiku. Leo ndiyo ameahidi litaanguka."

Emojong akaacha kuvuta. "Kwani linaanguka wapi?"

Opio alikuwa ametugeukia, anatuhesabu kwa kidole, akianzia nne.