Siwatu Amepanda Nchi Kavu, na Mama Mkwe Yuko Mstari wa Mbele

Jamani, mimi ndiye yule aliyesimama mbele ya ukumbi uliojaa pale Bagamoyo, kipaza sauti mkononi, akamtangaza mama mkwe wake kuwa ni zimwi la baharini linalokula watu, na akapigiwa makofi. Najua mlishasimuliwa, na najua kila aliyewasimulia alitia chumvi yake, basi leo nisikilizeni mwenyewe niliyeaibika. Ila kabla sijaaibika upya naomba mjue jambo moja: kitabu kilikuwa kizuri. Kizuri sana, na nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu.

Kile cha kwanza mnakijua, madude yanatoka baharini na kula watu wote wa ufukweni. Kilisomwa mpaka kurasa zikachomoka (pale Chalinze nilimkuta dereva wa lori anakisoma, chai imempoa mezani, sikumwambia mwandishi ni mimi, nilisimama tu pembeni nikavimba kichwa). Lakini wasomaji walikuwa na lawama moja, kwamba lile dude kubwa halina jina. Basi cha pili, ambacho madude yanaiacha pwani na kupanda bara, nikaamua lile kubwa, jike, nilipe jina. Ndiyo hivyo tu, uamuzi mdogo wa mtu aliyekaa mezani kwake.

Jina lenyewe nililipata zahanati ya Mkange. Nimekaa kwenye foleni, nesi akachungulia dirishani akaita, "Siwatu! Siwatu yupo?" Mimi mtu wa Kiwangwa, nimekulia kwenye mananasi, majina ya kizamani ya watu wa pwani siyajui, nikaruka kwenye benchi. Siwatu! Si watu! Zimwi gani duniani limewahi kupata jina kama hilo? Furaha ilinijaa nikaondoka bila hata kumwona daktari.

Sasa, wakati huohuo nilikuwa nimepeleka posa kwa kina Zuhura. Mshenga wangu, Mzee Shomari, akarudi na jibu nusu: baba hana neno, lakini mama ameuliza kijana anafanya kazi gani, na alipoambiwa anaandika hadithi za madude akasema, "Hiyo ni kazi au ni homa?" Iliniuma, wallahi iliniuma. Nikasema huyu simjibu kwa mdomo, namwalika uzinduzi wa kitabu, akae mstari wa mbele, aone mwenyewe watu wanavyonishangilia, kisha aseme tena kama ni homa. Na ili mambo yanoge nikalificha jina la kitabu kwa kila mtu, hata Zuhura mwenyewe alikuwa halijui.

Mtaniuliza, yaani wewe mama wa mchumba wako hukumjua jina? Sikumjua! Nani hapa anamwita mama mkwe kwa jina? Mtaa mzima anaitwa Mama Zuhura, mumewe anamwita Mama Zuhura, kadi za harusi anaandikiwa Mama Zuhura. Ningeanza kuulizia jina lake mtoto wa watu mimi ningeonekana sina adabu.

Siku ikafika. Nimevaa kanzu mpya, ukumbi umejaa, wengine wamesimama mlangoni. Nyuma ya jukwaa kuna bango kubwa limefunikwa kanga, na ilipangwa mgeni rasmi alifunue. Lakini nilipomwona Mama Zuhura anaingia na buibui lake jeusi na kaka yake pembeni, nikapandwa na ujuaji. Nikamfuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Watu wote hawa wamekuja kwa ajili ya hayo madude?"

"Ndiyo mama. Na nakuomba wewe ndiye utufunulie bango."

Akatabasamu! Mara ya kwanza namwona anatabasamu. Akapanda, akaivuta kanga, na bango likaonekana: dude limeachama, meno mia, miguu ya pweza, juu yake maandishi mekundu, SIWATU AMEPANDA NCHI KAVU. Mama Zuhura akalitazama muda mrefu, kisha akashuka akaenda kukaa. Mimi nikajua amezidiwa na uzuri wa kazi.

Nikaanza kusoma. Na nilisoma, jamani, sauti ilikuwa inatoka tumboni: "Siwatu alikuwa mnene, mzee, ana harufu ya ngisi aliyelala juani, na hakuna mwanamume aliyemtazama akabaki na akili." Watu hoi! Zuhura yuko mstari wa mbele ananikodolea macho, anapitisha kidole shingoni, nami nikadhani ananikumbusha niigize Siwatu anavyokata watu shingo, basi nikaigiza. Akajifunika uso kwa mtandio. Nikaona kumbe binti anaogopa, kitabu kinafanya kazi. Ndipo nikaharibu moja kwa moja, nikawaambia watu, "Nikisema Siwatu, nyie semeni arudi majini!"

"Siwatu!"

"Arudi majini!"

"Siwatu!"

"ARUDI MAJINI!"

Mara ya tatu kaka yake Mama Zuhura akasimama, mzee wa watu, akaninyooshea fimbo. "We kijana! Jina la dada yangu umelitoa wapi?"

Nikaegemea meza, meza ikaenda na chupa za maji zote. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikafungua mdomo kuomba radhi, kikatoka kitu kama mlio wa mbuzi, na kipaza sauti kikausambaza mpaka nje barabarani. Nikawaza, Zuhura ndiyo basi tena, nimemkosa kwa kalamu yangu mwenyewe.

Mama Zuhura akanyanyuka. Akapanda taratibu, akaninyang'anya kipaza sauti.

"Siwatu ni mimi," akasema. "Siwatu binti Mwinyimkuu, mzaliwa wa Mlingotini. Tangu nimzae Zuhura jina langu nalisikia zahanati na kwenye kupiga kura tu. Leo limetajwa na ukumbi mzima, tena kwa nguvu." Watu hawajui wacheke au watubu. Akanigeukia. "Nina swali moja, baba. Mwisho wake huyu Siwatu anakuwaje?"

Ningeweza kudanganya, lakini vitabu vilikuwa vimeshachapwa, vipo mezani. "Anauawa, mama."

"Na nani?"

"Na kijana mmoja. Kwa panga la kuvunia mananasi."

"Kijana wa wapi?"

"Wa Kiwangwa, mama."

Wee! Ukumbi ulipasuka kwa vicheko, hata yule mjomba wa Zuhura akacheka mpaka akakaa. Mama Zuhura yeye hakucheka. Akachukua kitabu kimoja mezani, akakitia ndani ya buibui. "Jibu la posa utalipata nikimaliza kusoma," akasema, akatoka, na Zuhura nyuma yake hata hakuniangalia.

Vitabu viliisha siku ileile (mjue hilo, kila nakala), na mimi sikufurahi hata kidogo. Wiki nzima chakula hakipiti. Nikipita sokoni wauza samaki wananiita, "Mkwe wa zimwi, karibu ngisi!" Zuhura akanitumia ujumbe mmoja tu: *Mama amefika katikati. Hasemi kitu.*

Siku ya tisa Mzee Shomari akaja na kitabu kimejaa wino. Ukurasa baada ya ukurasa, mama alikuwa amenisahihisha: pweza haendi hivyo, maji hayatoki upande huo, hapa umeogopa kuandika, tisha zaidi. Nilisoma machozi yananilengalenga, maana hakuna aliyewahi kuisoma kazi yangu hivyo, na alikuwa sahihi kila mahali.

"Na posa?" nikauliza.

"Wamekubali," akasema mzee. "Ila kwa mkaja, zawadi yake ya kumlea binti, mama mtu hataki kanga wala pesa. Anataka kitabu cha tatu. Siwatu hakufa, alizimia tu, na huyo mvuna mananasi aliwe mapema."

Nimemtoa aliwe ukurasa wa pili, kwa mkono wangu mwenyewe, na ninajivunia. Lakini nimeapa: sitampa jina hata kaa bila kwanza kumuuliza Zuhura majina halisi ya shangazi zake wote, na nimeambiwa wako saba.