Kigaeli cha Umbilo

Miezi ya kwanza nilidhani ni Kiingereza.

Nilifika Durban mwaka wa tisini na saba nikitoka Uvira, mimi na binti yangu aliyekuwa bado mdogo. Mama mmoja wa kanisani kwetu, Mrundi, alinitafutia kazi mtaa wa Umbilo, ya kuwatunza wazee wawili wa Kizungu, dada wa tumbo moja, walioishi pamoja katika fleti. Dada mkubwa alikuwa hatoki tena kitandani. Mdogo wake, nesi mstaafu, bado alikuwa na nguvu zake, ila mgongo haukumruhusu kumgeuza mgonjwa. Basi nikawa mimi namgeuza, namwosha, nampikia supu.

Wale wazee walizungumza kutwa. Niseme walibishana: dirisha lifungwe au liachwe, chai ina maziwa mengi mno, nani alimwona nani zamani kanisani. Mimi Kiingereza nilikuwa nakisoma kwa bidii, na mjini nilikuwa nimeanza kukielewa. Nikirudi kwao sipati hata neno. Jioni nilipanda teksi, zile daladala za kule, kurudi kwetu Albert Park nikiwa nimekata tamaa, nikiamini kichwa changu kimechoka na vita.

Siku nilipomweleza yule mdogo, alicheka mpaka akatafuta kiti. Akaniambia kile ni Kigaeli, lugha ya kisiwa walichozaliwa huko Uskoti, na kwamba shuleni walichapwa kwa kukiongea. Neno la kwanza nililolishika ni salamu ya asubuhi. Masikioni mwangu ilikuwa kama "matin va", na mimi niliyesoma kwa Kifaransa, ambamo "matin" ni asubuhi, sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Dada mkubwa alifariki baridi ilipoingia. Bibi, ndivyo nilivyomwita yule aliyebaki, aliniomba nisiondoke. Alilia kidogo tu mbele za watu. Baadaye, nikimkunjia mashuka, aliniambia kinachomwumiza ni kukosa mtu wa kubishana naye.

Nadhani ndiyo sababu alianzisha darasa. Alimwomba mchungaji wake ukumbi wa kanisa siku za Jumamosi, na tangazo likasomwa kwamba Kigaeli kitafufuliwa Durban. Watu walijaa. Walikuwa wajukuu na vitukuu wa Waskoti waliohamia jimbo la Natal zamani. Mimi nilihudumia chai. Bibi aliwafundisha kusema funga dirisha, chai imepoa, unanidanganya wewe. Wao walitaka nyimbo. Walitaka kujua maana ya majina ya koo zao, na maneno mawili matatu ya kusema harusini. Walipoyapata, wakaanza kupungua.

Akabaki fundi umeme mmoja, mwanamume mpole wa makamo, ambaye bibi yake mwenyewe alimsemesha Kigaeli alipokuwa mtoto. Alijifunza kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alikuwa akijisemesha peke yake kwenye gari la kazi, mpaka watu kwenye robot, taa za barabarani, wanamtazama. Akawa anapita kwenye fleti hata siku za kazi. Jioni moja nikiwa jikoni nilisikia sauti ya Bibi imepanda, na ya yule fundi nayo imepanda. Wanabishana. Sikujua ni kuhusu nini. Nilizima jiko nikasimama pale nikisikiliza, na moyo wangu ulifurahi kama wa mtu aliyesikia habari za nyumbani.

Haikuchukua muda akaja kuaga. Alikuwa amepata kazi kule kisiwani kwenyewe, aende akaishi mahali ambapo lugha iko madukani na barabarani. Bibi alimpongeza. Alitoa koti zito la sufu la dada yake ili fundi akampe mkewe, akisema kule baridi haina mchezo. Mlango ulipofungwa akaniambia, "Nimemfundisha vizuri mno."

Fundi alipiga simu kila Jumapili. Baadaye ikawa Jumapili nyingine hapana. Siku moja Bibi aliweka simu chini akaniambia, bila kunigeukia, kwamba kule dukani vijana wanamjibu fundi kwa Kiingereza.

Nilimwonea huruma nikamwomba anifundishe mimi. Alikataa.

"Wewe una lugha ya mama yako," alisema. "Binti yako anaijua?"

Hakuijua. Mama yangu alikufa vitani, dada yangu alikuwa kambini Kigoma, na mimi sikuwa na mtu wa kuongea naye Kifuliiru. Nyumbani tulitumia Kiswahili, kwa sababu jengo zima lilikuwa la Kiswahili, Kifaransa na Lingala. Usiku ule nilimwita binti yangu mezani kwa Kifuliiru. Alicheka, akidhani namtania. Niliendelea. Alinijibu kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza cha shule, kisha akaacha kunijibu. Siku moja tukitoka sokoni, wenzake wako karibu, alinivuta mkono akasema taratibu, "Mama, ongea vizuri. Watu wanasikia." Miaka ile kwenye teksi tulikuwa tunanyamaza sote ili tusijulikane ni wageni. Nisingeweza kumlaumu. Sikumsemesha tena kwa lugha ile, na sikumwambia Bibi.

Naye alikuwa ameanza kunyamaza. Hata sala zake, nilizozoea kuzisikia kupitia ukutani kwa Kigaeli, zikawa za Kiingereza, kisha hazikusikika. Alifariki kabla miaka ya elfu mbili haijafika. Wale wa darasa walirudi kwa mazishi wakaimba wimbo aliowafundisha, na waliuimba vizuri sana. Mahubiri na maombi yote yalikuwa ya Kiingereza.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kwenye fleti nafungasha nguo zake, simu ikalia. Ni fundi. Alinisalimia kwa Kigaeli, akidhani ni Bibi. Nikamweleza kwa Kiingereza changu kwamba Bibi amefariki na tumeshamzika.

Fundi akaanza kuongea, kwa Kigaeli, polepole, kwa muda mrefu, na sauti yake ikikatika. Nilitaka kumkumbusha kwamba ni mimi tu, sielewi. Sikufanya hivyo. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikashika simu sikioni mpaka akamaliza yote aliyokuwa nayo.